Klipu ya kisu cha kukunja imekaza mno, inachana mifuko. Mnailegezaje bila kuiharibu?

Mpanda Mawe (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Naomba msaada kwa wajuzi wa vyuma.

Kazi yangu ni kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro, nakaa Moshi. Msimu uliopita mgeni mmoja wakati wa kuagana aliniachia kisu chake cha kukunja. Kisu ni safi, kinakata, kinafunguka kwa kidole gumba, na ubavuni kina klipu ya kukining'iniza kwenye ukingo wa mfuko. Shida ni hiyo klipu. Imekaza kupita kiasi. Nikivaa jinzi inabidi mkono mmoja ushike suruali na mwingine uvute kisu. Nikivaa suruali ya mlimani, ile nyepesi inayokauka haraka, kisu kinatoka na nyuzi zake. Mfuko wa kulia umeshafumuka ukingoni, na fundi cherehani wangu ananiuliza kama nafuga panya humo.

Sasa fikiria niko kambi ya Barafu, usiku wa manane tunaanza kuelekea kileleni, nina glavu nene, mgeni kamba ya kiatu imegoma kufunguka na vidole vyake havina nguvu. Kisu kiko mfukoni na hakitoki.

Klipu ni ya chuma, imepakwa rangi nyeusi, imeshikwa na skrubu tatu ndogo zenye tundu la nyota ya ncha sita. Mpini wake una ubavu mgumu wenye mikwaruzo mikwaruzo, nimeambiwa unaitwa G10. Kijana mmoja wa gereji kaniambia niingize bisibisi chini ya klipu niinyanyue tu. Nimesita, maana ikivunjika sijui nitaipata wapi nyingine. Mnasemaje?

Mzee wa Wembe

Kisu mfukoni cha nini mkuu, mnapambana na chui huko juu? Wembe wa shilingi mia unatosha.

Mpanda Mawe

Mzee wangu, ni plasta za malengelenge, kamba za hema, pakiti za supu na maparachichi. Chui sijamwona bado. Wembe na glavu haviendani.

Msomaji Kimya

Naweka kambi hapa. Changu kina tatizo la kinyume, kinaning'inia kimelegea hadi nikiinama kinadondoka.

Mkono wa Kamukunji

Niaje wadau, niko Nairobi. Huyo kijana wa gereji hajakosea sana. Sisi hapa tunafanya hivyo kila siku, dakika mbili kazi imeisha. Lakini si bisibisi ya chuma, tumia kijiti cha mbao. Chukua kile kijiti bapa cha aiskrimu, kifunge tepu ya umeme, kipitishe chini ya klipu, unyanyue kidogo, uachilie, ujaribu kwenye suruali. Bado? Rudia. Sioni haja ya kufungua skrubu ambazo kiwanda kimefunga na gundi, ukianza kuzizungusha ndio utaharibu vichwa halafu urudi hapa na uzi mwingine.

Fundi Gerezani

Kamukunji, hapo kwenye kijiti tuko pamoja, kwenye kuacha klipu ikiwa imefungwa tunaachana.

Mleta uzi, tazama hiyo klipu kwa karibu kabla hujagusa kitu. Ina sehemu tatu. Kuna kitako, pale penye matundu ya skrubu. Kuna mwili, unaoanza kupanda kutoka kwenye kitako halafu unashuka kwenda kugusa ubavu wa mpini. Na kuna ncha, iliyokunjwa kuelekea juu ili kitambaa kiingie bila kukwama. Springi yako ni ule mwili tu. Kitako hakitakiwi kupinda hata kidogo, na ncha haitakiwi kuguswa.

Ukiinyanyua ikiwa bado kwenye kisu, huchagui ipinde wapi. Chuma kitapinda pale kilipo dhaifu, na pale ni kwenye matundu ya skrubu, kwa sababu nyama imetobolewa. Matokeo yake kitako kinanyanyuka, chini yake panabaki mwanya, klipu inaanza kucheza, kila siku unakaza skrubu. Na hizo skrubu zimeingia kwenye bati la ndani ambalo mara nyingi halifiki hata milimita 2. Meno yaliyoshika humo ni machache, unaweza kuyahesabu kwa vidole. Ukiyang'oa hayo, basi, klipu haitakaa tena mpaka utoboe upya na kuingiza skrubu nene.

Ushauri wangu: fungua, pindia nje, rudisha. Ndiyo, inachukua muda zaidi.

Mkono wa Kamukunji

Fundi, nimenyanyua klipu nyingi na hakuna iliyonirudia.

Fundi Gerezani

Wateja hawarudi, wanakwenda kwa fundi mwingine 😂

Bi. Jiliwa

Nafundisha kazi za vyuma, ngoja niingie kabla hamjachapana.

Wote wawili mmerukia kupinda. Mleta uzi kasema vitu viwili ambavyo hakuna aliyevishika. Amesema ubavu wa mpini una mikwaruzo, na amesema suruali nyepesi inatoka nyuzi. Klipu ikikaza peke yake hufanya kisu kiwe kigumu kutoka. Kuchana nyuzi ni kazi ya kitu kinachosugua. G10 ni tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa epoksi, na viwanda huichonga ibaki na ukwaru ili mkono usiteleze. Klipu ikikibana kitambaa chako juu ya ukwaru huo, kila unapovuta kisu unaipiga suruali tupa.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi wala kijiti, fanya hivi kaka yangu. Kata kipande cha selotepu, kibandike juu ya ubavu wa mpini hapo hapo chini ya klipu, kiwe kirefu kuanzia kitakoni hadi kupita ncha. Kipitishe taratibu, kitaingia. Halafu vaa suruali ileile, weka kisu, kitoe. Kama kimetoka kwa ulaini unaoridhisha, springi yako haina kosa lolote na ukiilegeza utakuwa umeharibu klipu nzima kwa dhambi ya ubavu. Kama bado kinagoma, basi ni springi. Kama kimepungua nusu, ni vyote viwili, na ndivyo inavyokuwa mara nyingi.

Jaribu pia na suruali zaidi ya moja. Pindo la mfuko wa jinzi lina tabaka mbili tatu za kitambaa kizito, na la suruali ya mlimani ni jembamba. Klipu haijui umevaa nini. Chagua nguo unayoivaa kazini ndiyo iwe kipimo.

Mpanda Mawe

Dada, hiyo ya selotepu sikuwahi kuisikia. Naifanya leo jioni nirudi na majibu.

Mbeba Boksi

Niko Uingereza, ghala la vifurushi, kisu nakitoa na kukirudisha mfukoni kutwa nzima. Nathibitisha ya Bi. Jiliwa, suruali zangu za kazi zilikuwa zinakufa upande wa kulia tu.

Historia kidogo kwa wanaopenda. Hizi klipu si za zamani sana. Kisu cha kwanza cha kukunja kilichotoka kiwandani na klipu ya mfukoni ni Worker, cha Spyderco ya Sal Glesser kule Colorado, Marekani, mwaka 1981. Kabla ya hapo kisu cha kukunja kilikaa chini kabisa ya mfuko pamoja na funguo na chenji, au kwenye ala ya mkanda.

Na kwa mlioko huku: kisu cha kukunja kisichojifunga, yaani kisicho na loki ya kuzuia makali yasikunjike, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaweza kutembea nacho. Kinachojifunga kikifunguka, kama cha mleta uzi nadhani, unatakiwa uwe na sababu ya msingi, na kazi ni mojawapo. Klipu inaonekana nje ya mfuko, kila mtu anaiona, polisi pia. Mimi kikitoka kazini kinalala kabatini hukohuko.

Mzee wa Wembe

Wembe hauna klipu.

Mpanda Mawe

Nimerudi. Bi. Jiliwa, ni hiyo ya tatu, vyote viwili. Kwa selotepu, jinzi imekuwa nafuu sana, lakini bado nahitaji kushikilia suruali. Suruali ya mlimani inatoka bila nyuzi, ila kwa kuvuta. Sasa naomba hatua, zote mbili. Fundi, hizo skrubu ndizo zinazoniogopesha.

Fundi Gerezani

Vizuri. Tuanze na skrubu, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapofia.

Hiyo nyota ya ncha sita inaitwa Torx. Dukani taja jina hilo, ukisema nyota watakupa ya msalaba. Kwenye klipu saizi huwa T6 au T8. Usikubali "inaingia ingia". T5 inaingia kwenye tundu la T6, inazunguka kidogo, unafurahi, halafu inakula kona zote za skrubu na hapo ndipo unapoanza kulia. Bisibisi sahihi ikiingia inakaa wima yenyewe hata ukiiachia mkono. Vijana wanaotengeneza simu na laptopu wanazo seti ndogo, unaweza kuazima.

Kabla ya kuzungusha, funga kisu, kizungushie tepu ya umeme mara mbili tatu ili kisifunguke ukiwa umekibana. Safisha matundu ya skrubu kwa sindano, humo hujaa vumbi na nyuzi za mfuko, bisibisi haifiki chini. Kisha bonyeza kwa nguvu kuelekea chini, zungusha kidogo. Bonyeza zaidi ya unavyozungusha.

Ikigoma, kuna gundi ya kufungia nati ndani. Viwanda vingi hutumia ile ya bluu, inayoachia kwa bisibisi ya kawaida. Ikiwa ngumu, ichemshe. Ile pasi ya kulehemu ya mafundi redio, gusisha ncha yake kwenye kichwa cha skrubu sekunde kadhaa, halafu jaribu ingali moto. Usitumie kiberiti cha gesi, utaunguza G10 na rangi ya klipu. Skrubu zikitoka ziweke kwenye kifuniko cha soda kwa mpangilio uleule, mara nyingine hazilingani urefu.

Kingine, kwenye visu vingine skrubu moja ya klipu ndiyo pia inayoshika ubavu wa mpini. Ukitoa ukaona ubavu unacheza, usishangae, usivute, endelea na kazi yako.

Kashoto

Je skrubu ikiwa kichwa kimeshaliwa tayari? Naulizia rafiki.

Fundi Gerezani

Mwambie rafiki aweke kipande cha mpira mwembamba, hata wa puto, kati ya bisibisi na skrubu, abonyeze kwa uzito wa mwili. Ikishindikana achonge mfereji juu ya kichwa kwa msumeno mdogo wa chuma, atumie bisibisi bapa. Halafu anunue skrubu mpya, asirudishe ile.

Bi. Jiliwa

Sasa kupinda. Nitaeleza kwa nini kwanza, maana ukijua kwa nini hutahitaji kuniuliza ya kisu kingine.

Klipu ni ubao wa chuma ulioshikwa upande mmoja. Nguvu inayobana kitambaa inategemea unene wake, urefu wake na aina ya chuma, lakini si kwa usawa. Unene unaingia kwa kipeo cha tatu. Klipu ya milimita 1.2 ikilinganishwa na ya milimita 1, umbo lilelile, inabana karibu asilimia 73 zaidi, ingawa jicho halioni tofauti. Urefu nao unaingia kwa kipeo cha tatu, kinyume chake. Ukipima kutoka skrubu ya mwisho hadi pale klipu inapogusa ubavu, ya milimita 40 ni ngumu karibu mara mbili ya ile ya milimita 50. Ndiyo maana visu vidogo vyenye klipu fupi husumbua zaidi ya vikubwa.

Unene na urefu huwezi kubadilisha nyumbani. Unachoweza kubadilisha ni kitu kimoja, nacho ni umbali ambao klipu inalazimika kunyanyuka kitambaa kinapoingia. Kama inagusa ubavu kwa kujikandamiza hata kabla ya kitambaa, basi pindo la jinzi la milimita 2 linaongeza juu ya mkandamizo uliopo tayari. Ukiipinda ili iguse ubavu kwa kuubusu tu, umeondoa ule mkandamizo wa mwanzo, na springi imebaki na nguvu yake yote ya asili. Hiyo ndiyo "kulegeza". Springi hailegei, mahali inapoanzia kazi ndipo panasogea.

Shika kitako kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma kwenye meza ya fundi, katikati ya vipande viwili vya mbao laini au ngozi ya mkanda wa zamani. Meno ya jiliwa yakigusa chuma moja kwa moja yataacha alama, na alama kwenye springi ndipo ufa unapoanzia. Kitako kiingie chote mpaka tundu la skrubu ya mwisho lipite ndani ya mbao. Kinachobaki nje ni mwili. Sukuma kwa kidole gumba au kwa kipande cha mbao, karibu na pale mwili unapoanza kupanda, si nchani. Utaona kitu kitakachokushangaza: unasukuma, inakwenda, unaachia, inarudi palepale. Hiyo ni springi inafanya kazi yake. Sukuma mbele kidogo zaidi, achia. Inarudi. Zaidi kidogo. Kuna mahali utahisi mkononi kama imekubali, na ukiachia inabaki robo ya milimita mbali na ilipokuwa. Hapo simama. Itoe, pima.

Kupima ni rahisi. Iweke klipu kwenye kisu bila gundi, skrubu ziingie kwa vidole tu na robo ya bisibisi. Ishike dhidi ya taa. Usione mwanga kati yake na ubavu pale inapogusa. Kipande cha karatasi ya daftari kipite kwa kuvutwa, kisidondoke chenyewe. Hapo uko sawa kwa nguo nyepesi. Ukiona mwanga, umepitiliza, maana suruali nyembamba itakaa kwenye mwanya bila kubanwa na kisu kitaanguka njiani. Irudishe kwa kuipinda upande wa pili, ila usiifanyie huku na huku mara nyingi. Chuma kinachopindwa na kurudishwa kinazidi kuwa kigumu pale pale, halafu kinapasuka.

Nilitaka pia kuwajibu wanaosema weka kadi za simu nne chini ya klipu ulale usiku kucha. Haifanyi kitu. Kama kadi hazijaivusha klipu ule mpaka wa kukubali, asubuhi itarudi ilipokuwa hata ukiziacha mpaka Krismasi.

Mkono wa Kamukunji

Sasa dada, hiyo jiliwa kila mtu anayo nyumbani?

Bi. Jiliwa

Hana, kaka, na hapo nakupa haki yako. Kwa klipu nyembamba ya bati lililobonyezwa, na kama unataka badiliko dogo, kijiti chako kinatosha. Ila bonyeza kitako kwa kidole gumba cha mkono mwingine, kwa nguvu, ili kupinda kuanze mbele ya skrubu. Na kijiti kikae katikati ya mwili, sio nchani. Nchani unapata nguvu nyingi bila kujua, na ncha ikishanyanyuka itadaka mkanda wa kiti cha gari, kochi na mfuko wa mtu mwingine kwenye daladala.

Mkono wa Kamukunji

Hapo tumesikizana. Ya kidole gumba nilikuwa naifanya bila kuisema.

Mbeba Boksi

Bi. Jiliwa, na klipu za titani? Ninacho kimoja cha bei, sitaki kukigusa vibaya.

Bi. Jiliwa

Titani zipo za aina mbili. Ya kwanza ni bati lililokunjwa. Titani ina ugumu wa kupinda kama asilimia 57 hadi 60 ya ule wa chuma cha pua, kwa hiyo kwa umbo lilelile inabana kwa nguvu ndogo kuliko chuma, lakini inarudi mbali sana ukiipinda. Utasukuma hadi uogope kabla haijakubali. Fanya pole pole, pinda kwa mviringo mpana, usiikunje kwa kona kali, itapasuka. Wala usiichome moto ukidhani inalainika. Titani ikiwa moto sana inanyonya oksijeni hewani na inakuwa kavu ya kuvunjika.

Ya pili ni ile iliyochongwa kutoka kwenye kipande kizima, nene, mara nyingine ina gololi ndogo ya seramiki chini ya ncha. Hiyo usiipinde kabisa. Ukitaka ilegee, weka washa nyembamba, yaani kipande bapa cha kuinulia, chini ya kitako, kipande cha bati la kopo la soda kinafaa, kikatwe kwa umbo la kitako na kutobolewa matundu. Klipu nzima inanyanyuka sehemu ya kumi ya milimita, na mkandamizo unapungua. Ikikaa kwa tabu ya skrubu fupi, acha, usilazimishe.

Msomaji Kimya

Yangu iliyolegea? Ni ya waya, ule mmoja mnene uliokunjwa kwa herufi U.

Fundi Gerezani

Ya waya ndiyo rahisi kuliko zote. Itoe, skrubu huwa moja tu. Funga meno ya plaizi kwa tepu, shika ule mkunjo karibu na kitako, minya miguu yake kuelekea upande wa kisu kidogo. Rudisha. Hakikisha miguu yote miwili inagusa ubavu kwa pamoja. Mguu mmoja ukiwa juu, kisu kitakaa upande mfukoni.

Bi. Jiliwa

Narudi kwa mleta uzi, kwenye ubavu wenye mikwaruzo. Klipu ikiwa imetoka, chora kwa penseli mstari wa njia inapolala. Pande zote nje ya mstari funika kwa tepu ili usiharibu ukwaru unaohitaji mkononi. Chukua msasa namba 400, ulowanishe maji, usugue ndani ya mstari tu mpaka vinundu vilale. Malizia na namba 600. Usitafute kioo, tafuta ulaini wa kadi ya benki.

Maji si mapambo. Vumbi la G10 ni vipande vya nyuzi za kioo, yakiingia kifuani hayatoki kirahisi, na yakikaa shingoni utajikuna hadi kesho. Lowanisha, vaa barakoa, ukimaliza futa kwa kitambaa kilicholowa na usipulize kwa mdomo.

Mzee wa Wembe

Mwanzoni nilikuwa nacheka, sasa nimetoa kisu changu cha zamani nakitazama. Hakina klipu. Nitafutieni chenye klipu.

Mpanda Mawe

Wakuu, mrejesho.

Msasa nimeanza nao, kwa ushauri wa kupima kwanza. Nimesugua njia ya klipu tu, sasa ukipitisha kucha unahisi panapoanza ulaini. Nikarudisha klipu bila kuipinda, nikajaribu. Suruali ya mlimani: tayari, inatoka bila kung'ang'ana. Jinzi bado.

Nikaenda karakana moja hapa mjini, wakanipa jiliwa na vipande viwili vya mkanda. Ile hali ya "imekubali" aliyoisema Bi. Jiliwa ipo kweli, mkono unaisikia kabla ya jicho. Nilisukuma nikaachia, ikarudi. Nikasukuma nikaachia, ikarudi. Mwisho ikabaki. Nikaipima kwenye taa, karatasi inapita kwa kuvutwa. Nikaishia hapo ingawa jamaa wa karakana alitaka tuongeze.

Jinzi sasa inatoka kwa mkono mmoja. Nimevaa glavu nikajaribu sebuleni, kinatoka. Kurusha miguu na kuchuchumaa, hakidondoki.

Maswali mawili ya mwisho. Gundi ya skrubu ninunue ipi, na niweke kiasi gani? Na nikikunja kisu nasikia kama kinakwaruza kitu ndani, mwanzo hakikuwa hivyo.

Fundi Gerezani

Hilo la pili kwanza, usiendelee kukifungua. Skrubu zako hazikulingana urefu, umezichanganya. Ile ndefu imeingia kwenye tundu la fupi, ncha yake imetokeza ndani ya bati na makali yanaigusa yanapolala. Zitoe zote, zipange kwa urefu, ndefu mara nyingi ni ile ya tundu lililoko mbali na makali. Ukishafunga, fungua na kufunga pole pole ukitazama ndani kwa tochi. Ikiwa zote zinalingana na bado inakwaruza, washa nyembamba ya karatasi ngumu chini ya kichwa itairudisha nyuma nusu milimita.

Kashoto

Hii itanisaidia na mimi, nataka kuhamishia klipu upande wa kushoto. Matundu yapo ila sijawahi kuthubutu.

Fundi Gerezani

Hamisha tu, ila jaribu skrubu moja moja kwa njia hiyohiyo, kila moja ikiingia fungua na kufunga kisu. Na ubavu wa upande huo nao utataka msasa.

Bi. Jiliwa

Gundi: ya bluu, Loctite 242 au 243, chupa ndogo kabisa. Usichukue nyekundu, ile inahitaji moto mkali kuachia na G10 yako haitaupenda. Hakikisha matundu na skrubu havina mafuta, futa kwa spiriti. Chovya ncha ya kijiti cha meno, gusisha kwenye meno ya mwisho wa skrubu, basi. Ikimiminika hadi ndani inaweza kufika kwenye egemeo la kisu na kukigandisha. Kaza mpaka bisibisi ikatae kwa vidole viwili, usitumie kiganja. Inagusika baada ya nusu saa, lakini iache saa 24 kabla ya kuipeleka mlimani. Ukikosa kabisa, rangi ya kucha inashikilia vizuri kwa muda, ila ikague kila safari.

Mpanda Mawe

Ni kweli, moja ilikuwa ndefu. Nimezipanga upya, kimya kabisa sasa. Loctite nimeipata ya bluu kwa muuza vipuri vya pikipiki, naiweka kesho nikitoka kuchukua wageni.